Selimundu: hesabu huanza upya kila mimba

Selimundu hurithiwa kwa baba na mama wote wawili. Wazazi wenye AS, yaani wabebaji ambao kwa kawaida ni wazima, wana uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa wa selimundu, katika kila mimba. Hapo ndipo ushauri wa kliniki huteleza: mama huambiwa “mmoja kati ya wanne”, akaamini kuwa baada ya mtoto mgonjwa watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo kabisa. Na kwa kuwa ugonjwa hurithiwa kwa wote wawili, kumlaumu mama peke yake ni dhuluma. Muuguzi akichora jedwali la AS kwa AS kwenye karatasi, mbele ya wazazi wote wawili, utata huo huisha. Mwongozo wa Kiswahili wenye jedwali hilo uwekwe katika kila kliniki ya wajawazito.