Barua kutoka Dortmund: uhandisi mazingira na ajira zake



Uhandisi mazingira ni fani ya maji safi, majitaka, taka ngumu, hewa na udongo uliochafuliwa. Si kozi ya kupanda miti, ingawa kila mwaka wapo wanaoiomba kwa dhana hiyo na kupokewa na kalkulasi, mekanika na haidroliki. Miaka miwili ya mwanzo haipishani sana na ya uhandisi ujenzi. Tofauti huonekana maabara. Kipimo ambacho hakuna mwanafunzi anayekikwepa ni cha oksijeni: majitaka kidogo huchanganywa na maji yaliyojaa hewa, chupa ikafunikwa na kuwekwa gizani kwenye nyuzi joto 20 kwa siku 5. Oksijeni inayopungua ndiyo iliyotumiwa na bakteria walipokuwa wakila uchafu, na kutokana na tarakimu hiyo hukadiriwa ukubwa wa mtambo mzima wa kusafisha majitaka.

Katika mkoa wa Ruhr, somo hili lina mfano wake mkubwa: mto Emscher. Kwa zaidi ya miaka 100 mto huo ulikuwa mtaro wa wazi wa majitaka. Haukuwa uzembe mtupu. Machimbo ya makaa ya mawe yalifanya ardhi ititie, na mabomba yaliyofukiwa yangepasuka. Ndipo miji na viwanda vikaunda chama cha pamoja mwaka 1899, mto ukanyooshwa na kusakafiwa zege. Machimbo yalipohama, ukarabati ulianza mwaka 1992. Bomba kuu la kilomita 51 lilijengwa chini ya ardhi kutoka Dortmund hadi Dinslaken, na tangu mwisho wa 2021 mto haubebi tena majitaka. Gharama ilikaribia euro bilioni 5.5. Fedha hizo zililipa wapima ardhi, wataalamu wa pampu, wanakemia na wahandisi kwa kizazi kizima.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la ajira. Mgonjwa humtafuta daktari mwenyewe, lakini anayechafua mto hamtafuti mhandisi mpaka sheria imlazimishe. Ujerumani imeamuru mitambo mikubwa ya majitaka ianze kurejesha fosforasi iliyomo kwenye tope kuanzia 2029, na amri hiyo peke yake imezaa miradi ambayo haikuwapo. Mhitimu wa kigeni hupewa miezi 18 ya kutafuta kazi. Kikwazo chake kikubwa ni lugha, kwa kuwa halmashauri na kampuni za ushauri huandika kila kitu kwa Kijerumani, hata kama shahada ya uzamili ilisomwa kwa Kiingereza, kama ile ya Chuo Kikuu cha Stuttgart.

Kuhusu ada, vyuo vingi vya umma havitozi, ila jimbo la Baden-Württemberg, lenye mji wa Stuttgart, hutoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kinachozishinda familia nyingi ni akaunti maalumu ya viza: kwa mwaka 2025 ilitakiwa kuwa na euro 11,904 kabla mwanafunzi hajapanda ndege. Anayetaka shahada ya kwanza hana haja ya kwenda mbali, kwani Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kinaifundisha kwa miaka 4, na kwa kazi za Tanzania kinamweka mwanafunzi karibu zaidi na tatizo lenyewe.

Maana tatizo si lile lile. Mtambo wa Ulaya hula umeme mwingi kuwapulizia bakteria hewa, na wakati wa baridi bakteria hao huzubaa. Dar es Salaam ina joto mwaka mzima, kwa hiyo mabwawa ya kutuama, kama yale ya Vingunguti, husafisha kwa jua na muda bila mota hata moja. Lakini nyumba nyingi za jiji hazijaunganishwa na bomba la majitaka. Zina mashimo na matangi, na masika yakifika wapo wanaotapisha vyoo usiku mtaroni. Kaskazini, kuanzia Mlima Meru hadi bonde la ufa, shida ni floraidi inayotia meno rangi ya kahawia, na moja ya tiba zake ni kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mada hizi mtaala wa Ulaya huzigusa juu juu. Aliye huko afadhali azichague kwa tasnifu yake.

Nyumbani pia, sheria ya kuleta kazi ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na Kenya, kwa sheria yake ya 1999, hudai pia ukaguzi wa mazingira viwandani. Waajiri ni mamlaka za maji, wakala wa maji vijijini (RUWASA), migodi, viwanda vya bia na kampuni za wataalamu elekezi. Nafasi za serikali huja kwa vibali na foleni ni ndefu. Wengi huanza kwa mikataba mifupi ya kukusanya sampuli na kuandika ripoti. Nchini Tanzania, shahada ya nje hutambuliwa kwanza na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), kisha mhitimu hujiandikisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi na kufanya kazi chini ya usimamizi kwa takriban miaka 3 kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Kwa ajili ya utambuzi huo, maelezo ya kila somo yahifadhiwe tangu muhula wa kwanza, yakiwa na tafsiri rasmi kama yameandikwa kwa Kijerumani.