KALAMU ILITANGULIA MZINGA



Kila mtoto wa Unguja na Pemba amesikia khabari za vita vya tarehe 27 Agosti 1896, na walio wengi huzisimulia kwa kicheko: eti ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani, havikutimia hata saa moja. Sisi hatuoni la kuchekesha. Watu wapatao 500 wa upande wa jumba la Sultani waliuawa au walijeruhiwa asubuhi ile. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja tu.

Natukumbushane. Tarehe 25 Agosti alifariki Sayyid Hamad bin Thuwaini, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia jumbani bila ya kungoja idhini ya Balozi wa Kiingereza. Akakusanya watu wapatao 2,800. Silaha zake zilikuwa bunduki za Maxim, mzinga wa shaba wa karne ya 17, na mizinga miwili iliyokuwa zawadi ya Kaisari wa Ujerumani. Na baharini meli moja, Glasgow. Mbele yake zilitia nanga manuwari tano za Admirali Rawson. Saa tatu ya asubuhi muda wa onyo ukesha. Dakika mbili baadaye mizinga ikalia. Jumba likashika moto, Glasgow ikazama bandarini, na kabla ya saa nne bendera ilikwisha anguka. Siku ile ile Sayyid Hamoud bin Muhammed akakalishwa kitini.

Husemwa kuwa Khalid alishindwa kwa udhaifu wa silaha. Ni kweli, lakini si kweli yote. Vita hivyo vilikwisha amuliwa mwaka 1890, pale Sayyid Ali bin Said alipokubali himaya ya Kiingereza na kuwapa Waingereza haki ya kumkataa Sultani wasiyemtaka. Siku ile haukulia mzinga wala hakufa mtu. Miaka sita baadaye Admirali alikuja kudai lililokwisha andikwa. Na askari wapatao 900 waliosimama pamoja naye walikuwa wa jeshi la Zanzibar lenyewe, lile aliloliunda Mwingereza Lloyd Mathews.

Sisi wenye maduka twalijua jambo hili bila ya kufundishwa na majemadari. Mdaiwa hafilisiki siku dalali anapopiga kengele mlangoni pake. Alifilisika siku alipotia dole gumba katika hati asiyoisoma, kwa haraka ya gunia la mchele.

Basi twawausia wenzetu. Wakala atakayekaa kituoni siku ya kura asitie saini fomu tupu, wala fomu yenye hesabu asiyoihakiki mwenyewe, hata akiambiwa kuwa usiku umekuwa mkubwa na gari lamngoja. Katibu wa tawi asikubali waraka wowote wa mapatano kabla haujasomwa mbele ya wanachama, neno kwa neno.

Hatuna manuwari, wala hatuzitamani. Tulicho nacho ni macho ya kusomea na ulimi wa kusema "hatukubali" kabla wino haujagusa karatasi. Sayyid Khalid alilisema neno hilo likiwa limechelewa kwa miaka sita. Alikimbilia kwa Balozi wa Kijerumani, akaishi Dar es Salaam, akatekwa na Waingereza mwaka 1916, akahamishwa visiwa vya mbali, na mwaka 1927 akafia Mombasa.

Mwenye kuzingatia na azingatie.