Afya ya Jamii: Saratani ya tezi dume, kisu au roboti?

Mzee wa Mwingi au Wote akiambiwa ana saratani ya tezi dume, watoto walio mjini hukutana na swali huwa moja: je, tuuze shamba aende India akapasuliwe kwa roboti, ama apasuliwe kwa kisu papa hapa nchini?

Kwa kisu, daktari hupasua chini ya kitovu na kuitoa tezi yote. Kwa roboti, hutoboa matundu madogo na kuongoza mikono ya mashine. Damu inayopotea huwa kidogo, na kidonda huwa kidogo pia.

Lakini baadaye? Madaktari wa Brisbane, Australia, waliwagawa wanaume 326 katika makundi mawili. Matokeo yaliyochapishwa 2016 na 2018 yalionyesha kwamba hata baada ya miaka miwili, uwezo wa kuzuia mkojo na nguvu za kiume ulikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili.

Basi msomaji, mkono uliozoea kazi ni muhimu kuliko mashine. Muulize daktari amewapasua wangapi, na wangapi kati yao huvuja mkojo.

Tena, ugonjwa ukishaingia mifupani, kuitoa tezi hakuuondoi. Mwanamume aliyefika miaka 50 azungumze na daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA. Ambaye baba au nduguye aliugua, aanze mapema. Shamba lisubiri, mzee asisubiri.