Hali na Dua ya Mjane

Wanaomjua Maulana Altaf Hussain Hali, mshairi na mhakiki wa Kiurdu aliyezaliwa Panipat, India, mwaka 1837, humjua zaidi kwa Musaddas, utungo mrefu wa mwaka 1879 kuhusu kupanda na kushuka kwa umma wa Kiislamu. Aliyemhimiza autunge ni Sir Sayyid Ahmad Khan, naye alijivunia jambo hilo hata akasema kuwa akiulizwa Siku ya Hisabu amekuja na nini, atajibu kwamba alimtungisha Hali Musaddas.

Kwa kurasa hizi za familia, mimi naona utungo wake mwingine unatuhusu zaidi: Munajat-e-Beva, yaani Dua ya Mjane, wa miaka ya 1880. Humo anasema mwanamke aliyefiwa na mume akiwa bado mdogo, naye anamlalamikia Mola wake, kwa kuwa hana mwingine wa kumsikiliza. Hali alikibobea Kiajemi na Kiarabu, lakini hapa aliyaweka kando maneno ya kimadrasa, akatumia lugha ya uani.

Wakati ule, familia nyingi za Kiislamu za India, hasa zilizojiona za heshima, zilihesabu kumwoza mjane tena kuwa ni aibu, kama walivyoona majirani zao Wahindu wa matabaka ya juu. Surat An-Nur, aya ya 32, inaamuru waozwe wasio na wenza. Bibi Khadija (RA) alikuwa mjane Mtume (SAW) alipomuoa. Waliyasoma hayo yote, na binti zao wakazeeka ndani.

Tusiwacheke. Sisi tunaoshika daftari la msikiti tunawajua wajane wetu kwa orodha ya sadaka ya Ramadhani. Ni nadra mtu kuuliza iwapo mmoja wao angependa kuolewa.

Mwaka 1893 Hali alitoa Muqaddama, kitabu kilichoweka msingi wa uhakiki wa Kiurdu, akawalaumu washairi kwa kutia chumvi na kurudia mapenzi ya kubuni. Alitaka shairi liwe la kweli na jepesi kueleweka. Mjane wake alikwisha kutangulia kuwa mfano wa hayo.

Kabla ya hapo, mwaka 1874, aliandika Majalis-un-Nissa, hadithi ya kuhimiza elimu ya wasichana. Alipofariki mwaka 1914, Panipat ilikuwa imekwisha kuona shule ya wasichana aliyoianzisha yeye mwenyewe.