Betri kuisha upesi mabondeni si kosa la mwenye simu pekee

WAKAZI wa Othaya, Mukurweini na vijiji vilivyo chini ya Mlima Kenya wamezoea kuambiwa kwamba simu zao huishiwa na chaji kwa sababu wanapenda mno picha na muziki. Lawama hiyo ina ukweli, ila si ukweli wote.

Simu haipumziki hata ikiwa mfukoni. Husikiliza mnara, na kila baada ya muda huujulisha mtandao ilipo. Mtu anapozungumza mbali na mnara, simu hulazimika kuongeza nguvu za mawimbi yake. Ile ya kizazi cha pili, yaani 2G, katika masafa ya megahazi 900 yaweza kutoa hadi wati 2, ilhali iliyo karibu na mnara hutoa sehemu ndogo mno ya nguvu hizo. Mawimbi yakikatika kabisa, simu huyasaka tena na tena, na msako huo hula betri hata mwenyewe akiwa amelala.

Nyeri imekaa kati ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya wenye kimo cha mita 5,199. Ardhi yake imekatwakatwa na matuta na mabonde ya mito. Aliye mjini Nyeri au Karatina hupata mawimbi bila taabu, lakini aliye bondeni, kilomita chache tu kutoka hapo, huzibiwa mnara na kilima. Wawili hawa wakiwa na simu za aina moja, wa bondeni ndiye atakayetangulia kutafuta umeme.

Zipo njia za kupunguza hasara. Intaneti isipohitajika, izimwe. Pale 4G inapoyumba, ni heri kuchagua 2G au 3G ili simu isirukeruke kati ya mitandao. Pasipo na mawimbi usiku, simu iwekwe katika hali ya ndege. Hata hivyo, aliyejifungia hivyo hapatikani jamaa yake akiugua.

Hili si jambo dogo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu imekuwa mkoba wa wengi. Mkulima naye hupokea ujumbe wa mbolea ya ruzuku kwa simu. Umeme ulipopotea karibu nchi nzima usiku wa Agosti 25, 2023, kila asilimia ya chaji ilikuwa na thamani. Usiku kama huo, simu ikizimika, pesa zilizomo hazifikiki.

Kampuni za simu huchangia Hazina ya Huduma kwa Wote, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, ili mtandao ufike kusikofikiwa. Basi ufikaji huo upimwe mabondeni, si sokoni tu. Mwananchi ataweza kubana matumizi ya betri, lakini hawezi kukihamisha kilima.