Sikio Halisahihishi Kiingereza

Kuna ushauri unaorudiwa sana kwenye madarasa ya tuisheni yanayoandaa vijana kwa mitihani ya vyuo vya Marekani: ukikuta swali la kusahihisha sentensi, soma majibu yote kimoyomoyo, kisha chagua linalokaa vizuri masikioni. Hutolewa kwa nia njema. Lakini unawaangusha wanafunzi wetu, na uachwe.

Sikio hushika lilichokizoea, na la Mswahili limezoea upatanisho. Tukisema "Akikimbilia kituoni, mvua ilimnyeshea Asha," hakuna anayebabaika. Kiambishi a- kimeshatueleza kuwa aliyekimbia ni mtu. Mvua ingechukua i-. Sasa tazama sentensi hii: "Running to the bus stop, the rain soaked Asha." Neno "running" halina nafsi wala ngeli. Kinachomtambulisha mkimbiaji ni mahali tu, na pale mahali pake, mara baada ya koma, imekaa mvua. Kisarufi, mvua ndiyo iliyokimbilia kituoni. Mtahini anataka Asha akae hapo: "Running to the bus stop, Asha was soaked by the rain." Mwanafunzi anayetegemea sikio hulipita kosa hilo bila kuliona, kwani lugha yake ya kwanza inaukubali mpangilio huo, tena kwa haki.

Kwenye usambamba hali ni mbaya zaidi. Sisi tuna ku- moja: anapenda kusoma, kuogelea na kupika. Kiingereza kina sura mbili, "reading" na "to read", na mtihani haukubali zichanganywe katika orodha moja. "She likes reading, to swim and cooking" ikipita kichwani mwa Mswahili inageuka Kiswahili safi, kisha inapewa alama ya vema. Sikio lingeshtukaje?

Wapo wanaojibu kwamba Waingereza wenyewe hutumia sikio. Hata wao, sikio huwapotosha. Katika Hamlet, mzimu wa mfalme unasema imetangazwa kuwa nyoka alimuuma akiwa amelala bustanini. Jinsi Shakespeare alivyoipanga sentensi, kwa kanuni za mitihani ya leo aliyelala ni nyoka. Watu wameisikiliza kwa takriban miaka 400, na maana wanaipata kutokana na kisa, si kutokana na mpangilio wa maneno. Mtihani hupima mpangilio.

Wengine watasema maswali haya yamekufa. Kweli, toleo jipya la GMAT lililoanza mwaka 2023 limeyaondoa. SAT haijayaondoa: sehemu yake ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, na mahali pa maneno ya kufafanua ni miongoni mwa yanayopimwa. Kwa muda wa zaidi kidogo ya dakika moja kwa swali, anayesubiri sikio liamue atabahatisha.

Walimu, wafundisheni vijana kuuliza maswali mawili kabla ya kusoma jibu lolote. Kirai kilichotangulia koma kinamhusu nani, na je, huyo ndiye anayefuata? Vitu vilivyoorodheshwa vina umbo moja? Maswali hayo hujibiwa kwa macho na kwa kufikiri, na mtoto wa Tandale au Kisumu anayajibu sawasawa na mtoto wa Chicago.