Njia ya Kwanza Tuipite Wenyewe: Barua kwa Watu wa Pangani

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na wadogo zangu wa Pangani,



Nimepata habari kwamba vijana wetu wanakusudia kuanzisha matembezi ya kuwaonyesha wageni mji wa kale: boma, majumba ya India Street, ukingo wa mto, na Bweni kule ng'ambo. Nimefurahi sana. Lakini nina ombi, nalo ndilo lililonishikisha kalamu. Matembezi ya kwanza yawe yetu. Kabla mgeni hajatoa shilingi yake, mtoto wa Pangani awe amekwisha kupita njia ile, ameelezwa nyumba ile ilikuwa ya nani na pale kulitendeka nini.

Huku Uingereza ninaishi Hinckley, mji mdogo katika Leicestershire. Kila Septemba nchi nzima huwa na siku wanazoziita Heritage Open Days, zilizoanza mwaka 1994. Milango ambayo mwaka mzima imefungwa hufunguliwa, na kuingia ni bure: vinu vya zamani, minara ya makanisa, kumbi za mabaraza ya miji, hata karakana za watu binafsi. Wanaozisimamia wengi wao ni watu wa kujitolea, wastaafu hasa. Hinckley iliishi kwa soksi. Mashine ya kwanza ya kuzifuma ililetwa hapa mwaka 1640 na mtu aitwaye William Iliffe, na makumbusho ya mji yamo ndani ya vijumba vya makuti ya huku, ambamo mafundi wa kufuma waliishi na kufanyia kazi.

Kilichonigusa ni wale wanaokuja. Si watalii. Ni watu wa mtaani, wamewashika wajukuu mikono. Bibi aliyefanya kazi kiwandani ujana wake husimama mbele ya mashine akaeleza mshahara ulikuwaje, msimamizi alikuwaje, vidole viliumiaje, na watu husikiliza kimya. Hakuna anayemuuliza ana shahada gani. Nami kila nikimsikiliza mzee wa namna hiyo nawakumbuka wazee wetu wanaoketi barazani baada ya Alasiri, na najiuliza ni lini mara ya mwisho darasa zima la watoto liliketi miguuni pao.

Kwa maana sisi tuna ya kusema. Mtoto wetu husoma shuleni kuhusu Mkwawa na vita vya Lugalo vya 1891, ambako kamanda wa Wajerumani, Emil von Zelewski, aliuawa. Ni wangapi kati yao wanajua kwamba huyo Zelewski, aliyepewa jina la Nyundo, ndiye aliyekuja Pangani Agosti 1888 kwa niaba ya kampuni ya Kijerumani, akalazimisha bendera ya kampuni ipandishwe? Inasimuliwa kwamba watu wake waliingia msikitini na mbwa, wakimtafuta liwali, katika siku za Idi ya Kuchinja. Mji ukachemka. Wajerumani wakazingirwa ndani ya nyumba, mpaka Mathews, jemadari wa Sultani wa Unguja, alipokuja kuwatoa. Moto ulioenea Mrima uliwakia huko kwetu. Mtoto akisimama kando ya mto akaelezwa hayo, akaoneshwa na upande watu walikotokea, hatayasahau kama anavyoyasahau ya kitabuni.

Na Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani huo. Alikamatwa, akaletwa Pangani, akanyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Jina lake tunalitaja kwa fahari, na ni haki yake. Ila nawasihi tusimsimulie nusu. Abushiri alikuwa mwenye shamba la miwa, na mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa na watumwa. Mtu aliyesimama kupinga Wadachi, yaani Wajerumani, ndiye huyohuyo aliyemiliki watu. Mkitembeza watu kwenye majumba makubwa ya mawe bila kuwafikisha mashambani, mtakuwa mmewaonyesha sebule na kuwaficha jiko. Wamo miongoni mwetu ambao babu zao waliletwa bonde hili kwa minyororo kutoka Nyasa na kwingineko. Wengine hawapendi litajwe, nami nawaelewa. Basi waulizwe wao kwanza, waseme wanataka lisimuliwe vipi na nani.

Mwaka 1995 Jonathon Glassman alitoa kitabu kizima, *Feasts and Riot*, kuhusu mji wetu na vuguvugu lile la 1888, na ndani yake hao wanyonge, watumwa na wapagazi na watu wa bara, wana sehemu kubwa kuliko mashekhe na matajiri. Kiko katika maktaba za huku. Inaniuma kwamba mwanafunzi wa hapa anaweza kukisoma kabla ya mwanafunzi wa Pangani. Vilevile kuna utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita hivyo vya Wadachi, uliotungwa na mtu wa Mrima, kwa Kiswahili chetu. Huo usomwe kwa sauti, kwa mahadhi yake, palepale penye boma, usiku wa mbalamwezi. Sioni mhadhara utakaoupita.

Kikogwe nayo isiachwe. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Sehemu kubwa ilikufa njiani, ikasalia 62, ikapandwa huko Kikogwe. Kutokana na hiyo ndipo Tanganyika ikaja kuwa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge, na ndipo manamba wakaja kwa maelfu, kutoka kusini, kutoka Burundi, kutoka Msumbiji. Wajukuu wao ni majirani zetu. Wapo wazee waliowahi kukata mkonge wenyewe. Hao ndio wasemaji wa siku hiyo, na wapewe kiti cha mbele.

Najua pingamizi zitakazokuja. Nyumba zina watu, zina wanawake na stara zake. Hakuna anayelazimika kufungua ndani. Baraza na mlango vinatosha. Na kuhusu milango hiyo ya nakshi, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inailinda ile iliyochongwa kabla ya 1940, lakini mlango ambao jirani hajui thamani yake huondoka usiku kwa bei ya kutupa. Mtaa mzima ukishasimuliwa habari za mlango fulani, utakuwa na walinzi wengi. Mwenye nyumba mbovu asiaibishwe. Aulizwe anahitaji nini.

Akina mama wasiachwe jikoni kupikia wageni. Hao ndio wenye habari za ndoa, za uzazi, za ngoma zilizokufa, na za nani alihamia wapi mto ulipofurika. Pangani FM ipo, mazungumzo hayo yarushwe hewani na kuhifadhiwa, ili hata aliyeko Mwera ama Mkwaja asikie.

Mimi napendekeza Desemba, karibu na tarehe 15. Shule zimefungwa, waliohamia Dar na Tanga huwa wamerudi. Njia ianzie pantoni, ipite ukingoni hadi boma, iingie India Street, iishie sokoni watu wapate kahawa na kashata. Mkazi asilipe. Mgeni wa mbali, akija baadaye, alipe, na fedha yake iingie katika kukarabati mapaa. Sisi tulioko huku tutachanga gharama za kuchapa ramani na nakala za utenzi, lakini mpango tusiupange sisi. Mkiamua vingine, tutafuata.

Nisaidieni kwa jambo moja kabla ya mengine yote. Andikeni majina ya wazee waliovuka miaka 75, Pangani mjini na Bweni, na kando ya kila jina neno moja: uvuvi, mkonge, nazi, ngoma, madrasa, jahazi. Nitumieni orodha hiyo kabla ya Ramadhani, na kijana mmoja mwenye simu nzuri aanze kuwarekodi wiki hiyohiyo, bila kungoja kamati.

Wasalaam,
Ndugu yenu, Hinckley